Msimnunulie kijana gari la teksi London

Shemeji yangu wa Al Khoudh, mke wa marehemu kaka yangu, alinitumia ujumbe wa sauti wiki iliyopita. Dakika sita. Nne za mwanzo zilikuwa salamu, habari za wagonjwa na nani kaposwa. Ya tano ndipo akafika penyewe. Kijana wao amemaliza masomo ya uhasibu hapa London, karatasi zake za kukaa na kufanya kazi ziko sawa, lakini kazi ya fani yake hajaipata na huu ni mwaka wa pili. Sasa kaamua ataendesha gari la abiria, haya yanayoitwa kwa simu. Ukoo umekaa, wamekubaliana kuchanga wamnunulie gari la umeme kwa pesa taslimu, asije akaingia kwenye riba. "Na wewe mwalimu," akasema, "uko huko huko na mwanao anaifanya kazi hiyo. Tupe shauri."

Shauri langu ni hapana. Kijana ni mzuri, nia ni nzuri, pesa ni ya halali, na bado nasema hapana. Nimeona nisimjibu shemeji peke yake, maana najua ujumbe kama huu hautoki Al Khoudh tu. Unatoka Mabela, unatoka Sharjah na Al Ain, na kila mahali ambapo mama ana mtoto Ulaya na jamaa wana pesa kidogo ya kumsogeza.

Wengi wenu Edgware Road mnaijua. Mkija kwa matibabu au kutembea wakati wa kiangazi, hapa ndipo mnapokuja kula, kununua dawa na kusikia Kiarabu, na usiku shisha huwaka nje ya mikahawa mpaka mtu akasahau yuko Ulaya. Njia yenyewe ni ya kale, Warumi ndio walioinyoosha, ndiyo maana haina kona. Ila kuna jambo ambalo mgeni halioni: barabara hii ni mpaka. Toka Marble Arch ukipanda kaskazini, mkono wa kushoto uko nje ya eneo la tozo ya msongamano. Mkono wa kulia, ukikata tu kuingia George Street, umeshaingia ndani. Hakuna geti wala askari. Kuna herufi C nyeupe ndani ya duara jekundu, na kamera inayosoma namba ya gari. Mie hukaa na chai yangu upande wa Kendal Street, na kazi yangu kubwa ya kustaafu ni kuwatazama madereva wanavyosita pale kwenye kona.

Wana haki ya kusita. Tozo hii ilianza tarehe 17 Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. Mwaka 2005 ikawa 8, mwaka 2011 ikawa 10, mwaka 2014 ikawa 11.50, mwaka 2020 ikawa 15, na tangu tarehe 2 Januari 2026 ni pauni 18. Usipolipa, faini ni pauni 180, na nusu yake ukiwahi ndani ya siku 14. Mbali na hiyo kuna tozo ya moshi, ULEZ wanavyoiita, pauni 12.50 kwa siku kwa gari kuukuu, iliyoanza katikati ya mji Aprili 2019 na tangu tarehe 29 Agosti 2023 imeenea London nzima, usiku na mchana. Kuhusu mafuta, nyie wa Maskati mlizoea super kwa baisa 120 lita mpaka mwisho wa 2015, na ilipoanza kupanda Januari 2016 mlipiga kelele tukazisikia mpaka huku. Leo kwenu imesimamishwa kwenye 239. Hapa, kodi ya mafuta peke yake, kabla ya bei ya mafuta yenyewe na kabla ya VAT, ni peni 52.95 kwa lita. Zipige kwa riyali mtaona: kodi tu inapita bei ya lita nzima ya Maskati.

Sisemi tozo hizi ni uonevu mtupu. Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo hapa London aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo cha mtoto wa miaka 9, binti wa kusini mwa mji aliyefariki mwaka 2013 kwa pumu. Mimi nina wajukuu wawili wanaotembea kwa miguu kwenda shule. Hewa lazima isafishwe na mtu lazima alipe. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno dogo, "mtu". Mtu gani?

Mwanangu ana leseni ya gari la abiria tangu 2016. Alipoanza, magari kama lake yalikuwa yamesamehewa tozo ya msongamano, kama teksi nyeusi. Aprili 2019 msamaha ukaondolewa kwao, teksi nyeusi zikabaki nao. Akaanza kulipa. Akaambiwa: ukitaka kusalimika, nunua gari la umeme, hilo halilipi. Na tangu tarehe 1 Januari 2023 gari lolote linalopewa leseni ya kazi hiyo kwa mara ya kwanza sharti liweze kwenda bila kutoa moshi. Basi mwaka huo huo akanunua la umeme, kwa mkopo wa miaka mitano. Ndiyo, mkopo wa riba. Tulizungumza usiku mzima mie na yeye, na mwisho nikanyamaza kwa sababu nilikuwa sina pauni elfu thelathini na tano za kumpa. Msinihukumu.

Tarehe 25 Desemba 2025 msamaha wa magari ya umeme ukaisha. Sasa anapunguziwa robo, analipa pauni 13.50. Hufanya kazi siku sita kwa wiki, tuseme wiki 48 kwa mwaka, na abiria wake wengi wanakwenda au wanatoka katikati ya mji. Hesabu hiyo mtoto wa kidato cha kwanza anaimaliza: pauni 3,888 kwa mwaka, kama riyali 2,000 za Omani, pesa ambayo miezi michache nyuma ilikuwa sufuri. Kodi ya barabara, ambayo magari ya umeme yalikuwa hayalipi, yanalipa tangu Aprili 2025. Na serikali imeshatangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 gari la umeme litalipa peni 3 kwa kila maili. Mwanangu huenda maili 30,000 kwa mwaka. Ongezeni pauni 900.

Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na mbili. Kupandisha alama ya kupasi kabla ya mtihani ni haki ya mwalimu. Kuipandisha baada ya mtoto kukabidhi karatasi, hiyo ni dhuluma, na mtoto hata akiwa mjinga huijua.

Shule niliyofundisha ilikuwa ya misheni, pwani ya Kenya. Mimi Mwarabu, Mwislamu, nafundisha hisabati kwenye shule ya mapadri, na wallahi sikuwahi kuvunjiwa heshima hata siku moja. Mkuu niliyemkuta alikuwa padri wa Kiairishi, mkali wa hesabu kuliko mie. Shule ilikuwa na Land Rover moja, na ndani yake daftari limefungwa kwa kamba kwenye dashibodi. Kila safari iliandikwa: maili, mafuta, nani kapanda, kaenda kufanya nini. Mapancha nayo yaliandikwa. Mwisho wa mwezi gharama zikagawanywa: zahanati fungu lake, shule fungu lake, parokia fungu lake, hata mwalimu aliyebebewa godoro alikatwa shilingi zake. Nilikuwa nikiliazima daftari lile kuwafundishia watoto uwiano na asilimia. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili, ambaye leo ni daktari, akainua mkono akauliza: "Mwalimu, dereva mbona hana fungu?" Nikampeleka kwa padri akaulize mwenyewe. Padri akamjibu kwamba dereva halipi, kwa sababu gari si lake na safari si zake, yeye anaendesha tu.

Jibu hilo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa hapa kando ya Edgware Road. Safari za mwanangu si zake. Ni za abiria, na za kampuni inayochukua sehemu yake katika kila nauli. Lakini tozo, bima, matairi, kuchaji, kuosha, faini ya kusimama dakika mbili mahali pasipo ruhusa wakati mama mzee anateremka na fimbo yake, vyote viko kwenye fungu la dereva. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki zao, kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Gari lakini likabaki lao, pamoja na deni lake.

Sasa ndio tuje kwenye magari yanayojiendesha, maana shemeji hakuyataja kabisa, na nadhani huko kwenye mchango hakuna aliyeyataja.

Sheria ya magari hayo Uingereza imeshapitishwa, ilitiwa saini tarehe 20 Mei 2024. Inataka gari liendeshe kwa usalama usiopungua ule wa dereva binadamu makini na hodari. Serikali imesema sheria itafanya kazi kikamilifu katika nusu ya pili ya 2027, na imekubali majaribio ya kubeba abiria bila dereva yaanze mapema zaidi, kuanzia majira ya machipuko 2026. Oktoba 2025 kampuni ya Waymo ya Marekani, ambayo tayari inabeba abiria bila dereva San Francisco na miji mingine, ikatangaza kwamba inakusudia kufanya hivyo London mwaka 2026. Wayve, ambayo ni ya hapa hapa London, nayo imeungana na Uber kwa kazi hiyo hiyo. Uber, ile ile.

Katika sheria hiyo kuna jambo moja nililolipenda. Gari likiwa linajiendesha lenyewe, aliyekaa ndani hashitakiwi kwa namna lilivyokwenda. Kosa ni la kampuni iliyopewa idhini. Ni sawa kabisa. Lakini hebu liwekeni jambo hilo kando ya la mwanangu. Gari likiendeshwa na mashine, mzigo wa kosa na mzigo wa gharama vyote ni vya kampuni. Gari lile lile likiendeshwa na mtoto wa mtu, vyote ni vya mtoto wa mtu. Miaka yote hii kampuni hazikumiliki hata tairi moja, na kila tozo mpya ilipokuja zilimtazama dereva alipe. Siku zitakapoanza kumiliki magari zenyewe, mtasikia zikilia kwamba pauni 18 ni nyingi mno, zinazuia maendeleo. Na nina hofu watasikilizwa upesi kuliko alivyosikilizwa mwanangu.

Waingereza wana mtihani wao mmoja ambao mie kama mwalimu nauvulia kofia. Dereva wa teksi nyeusi lazima ahifadhi mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, na utaratibu huo umekuwepo tangu 1865. Humchukua mtu miaka mitatu, minne, anazunguka mvuani na kijipikipiki na ramani. Elimu ile ilikuwa mali. Hakuna aliyeweza kuja kuitoa kichwani mwake. Kisha simu ikaja na ramani ndani yake, na elimu ikahama kutoka kichwani ikaingia mfukoni, na yeyote mwenye gari na leseni akawa dereva. Ndio mlango alioingilia mwanangu, siukatai. Sasa ustadi wa mkono na mguu nao unahama. Kinachobaki kwa dereva wa gari la simu ni gari lenyewe, na gari bila kazi ni chuma kinachopungua bei kila asubuhi.

Halafu tazameni upande wa pili, chini ya miguu yangu hapa hapa. Stesheni ya Edgware Road ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa tarehe 10 Januari 1863. Katika mtandao huo huo, treni za Victoria zinajiendesha zenyewe tangu 1968. Ndiyo, 1968, nyie wengine hamjazaliwa. Dereva hufunga milango, hubonyeza, treni inakwenda na inasimama yenyewe. Na dereva yupo mpaka leo, ana mshahara, ana likizo, ana pensheni, ana chama kinachoweza kuusimamisha mji mzima. Mashine imefanya kazi yake karibu miaka sitini na hajafa njaa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia anunue treni.

Nina jambo la kukiri hapa. Mimi nayataka magari hayo.

Nina presha ya macho. Daktari amenieleza vizuri, sitapofuka kesho inshallah, lakini pembeni sioni kama zamani. Sheria hapa inataka dereva aweze kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Siku moja nikiwa kwenye maegesho nilijipima mwenyewe, kwa hatua zangu, na herufi moja ilikuwa ama B ama 8, sijui. Nikarudi nyumbani nikaweka ufunguo juu ya meza. Hakuna aliyenilazimisha. Tangu siku hiyo safari zangu ni basi, namba 98 kutoka Willesden mpaka hapa, na Ijumaa nabadilisha kwenda msikiti wa Regent's Park. Basi ni zuri, sina neno. Lakini usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, baridi ya kuumiza mifupa, natazama magari yanapita na najua kwamba kupanda la mwanangu ni kumkosesha nauli. Gari ambalo lingenichukua mlangoni, lisilochoka, lisilosinzia, lisiloangalia simu, lisilompungia mkono rafiki kwenye kona! Na vijana wetu, tuseme kweli, huko Maskati na Dubai wangapi tumewazika kwa mwendo kasi? Kila nyumba inayosoma hapa ina jina lake. Mashine haishindani na mtu kwenye barabara ya Nizwa saa nane za usiku.

Nililisema hilo mezani, mwanangu akiwepo. "Yakija, mie nitapanda." Mkewe akaacha kupakua wali. Mwanangu akacheka kidogo, akasema, "Panda, Baba. Ila ukipanda usiniambie." Kisha akaendelea kula. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mbili, na siku ile sikujua la kumjibu wa kwangu.

Yeye ana hoja zake na ni haki nizitaje. Anasema yamesemwa haya tangu zamani. Ni kweli. Novemba 2017 waziri wa fedha wa wakati huo, Philip Hammond, alisema magari yasiyo na dereva kabisa yangekuwa kwenye barabara za Uingereza kufikia 2021. Mwaka 2021 ukaja ukapita. Anasema London si Marekani, njia ni nyembamba, kila siku kuna shimo jipya, na watembea kwa miguu wa Edgware Road wanavuka kama kuku. Anasema Oktoba 2023 California iliwafungia Cruise kibali baada ya gari lao kumburura mwanamke San Francisco, na mwaka uliofuata General Motors wakaacha kuigharimia biashara hiyo. Na Desemba 2025, umeme ulipokatika San Francisco, magari ya Waymo yakasimama kwenye njia panda yakawazibia watu njia. Hiyo ya mwisho ilinichekesha. Jamaa zetu wa Unguja walikaa mwezi mzima gizani mwaka 2008, na kuanzia Desemba 2009 wakakaa miezi mitatu, na daladala hazikusimama hata siku moja.

Basi huenda mwanangu amepatia kuhusu tarehe. Huenda ni 2027, huenda ni 2032. Lakini mimi sibishani naye tarehe. Mkopo wake unaisha 2028. Kama mashine itachelewa, tozo hazitachelewa, hizo zina kalenda. Mtu mwenye deni hawezi kusubiri aone, na hilo ndilo linaloniumiza: wanaoleta mashine wana pesa ya kukosea mara tatu, yeye hana ya kukosea hata mara moja.

Wa Ghuba msidhani haya ni ya wazungu. Metro ya Dubai haina dereva tangu siku ilipofunguliwa, tarehe 9 Septemba 2009. Dubai ilitangaza mwaka 2016 kwamba inataka robo ya safari zake ziwe bila dereva kufikia 2030, na Abu Dhabi teksi za namna hiyo zimeshaanza kubeba watu. Salik ilianza Julai 2007 kwa dirham 4, na tangu mwisho wa Januari 2025 ni 6 wakati wa msongamano. Njia ni ile ile, mwendo tu ndio tofauti. Oman kazi ya teksi imewekewa wenyeji, na wengi wa wazee wetu waliorudi miaka ya sabini walianzia hapo. Nina binamu aliyesomesha watoto watano kwa teksi moja ya rangi ya chungwa na nyeupe. Teksi ile ilikuwa yake na deni lilikwisha. Sijasikia bado mtu akiuliza huko kwamba gari lisilo na dereva litakuwa na leseni ya nani. Kama ni ya kampuni moja kubwa, basi kazi iliyowekewa mwenyeji itaondoka mkononi mwake bila sheria kubadilishwa hata mstari. Ulizeni sasa, kabla vibali havijatoka.

Na hapa London ningependa Meya na serikali waulizwe mambo mawili. La kwanza, gari lisilo na dereva likizunguka tupu likisubiri abiria, lilipe tozo kamili, bila punguzo lolote, maana msongamano ni msongamano hata kama ndani hamna mtu. La pili, sehemu ya pesa hiyo iende kuwafutia mikopo madereva walionunua magari ya umeme kwa sababu waliambiwa wanunue. Wamefanya walichoagizwa. Najua ni rahisi kusema ukiwa na chai mkononi.

Kwa shemeji nimejibu hivi, na nimeandika, sikutuma sauti, ili abakie nayo. Pesa ya mchango msiitie kwenye gari. Gari la umeme leo si shamba la minazi, kila mwaka betri inazeeka na jipya linatoka kwa bei nafuu. Kama kijana lazima aendeshe, na njaa haina fani, akodi gari kwa wiki. Atalipa zaidi, naam, na mwezi wa mwisho hatakuwa na kitu mkononi. Lakini siku mambo yakibadilika atarudisha ufunguo saa nne asubuhi na saa tano atakuwa huru. Ile ziada ni bei ya mlango wa kutokea. Au aombe kazi ya kuendesha basi. Kampuni za mabasi hapa humfundisha mtu zenyewe, humlipa akiwa anajifunza, na basi si lake. Atavaa sare, najua shemeji hutaipenda picha ya sare, lakini baba yake alivaa sare ya bandari miaka ishirini na tukamheshimu.

Na sehemu ya ile pesa imlipie mitihani ya uhasibu iliyobaki. Anahitaji miezi kumi na minane ya kukaa na kusoma bila kuwaza kodi ya nyumba. Hiyo ndiyo teksi ya kumnunulia. Nikamwambia pia kwamba nitamsimamia mwenyewe Jumamosi asubuhi, hapa hapa mkahawani, aje na vitabu vyake, chai juu yangu.

Shemeji ameusoma, alama za buluu nimeziona. Kijana mwenyewe alinipigia jana jioni. Alianza vizuri, "Ami, shikamoo, habari za macho?" Kisha akaniuliza kama najua kwamba amana ya gari ameshaitoa, pauni elfu mbili, na wenye gari wamempa siku kumi na nne za kubadili mawazo. Tumehesabu pamoja kwa simu. Zimebaki siku tano.